Iliyoanguka ni ya Aliyeiangusha

Wivu hauzeeki, rafiki yangu. Magoti yanazeeka, macho yanazeeka, hata sauti ya kuimbia kanisani inazeeka, lakini wivu unabaki na meno yake yote. Najua kwa sababu majuzi nilikuwa nimekaa zangu hapa Kimbo, katika nyumba ya kupanga iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nikitafuta miwani ambayo nilikuwa nimeivaa, simu ikalia. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi niliyosomea Kiganjo, kule Thika.

"Madam, habari ya siku nyingi. Wewe si ni mtu wa kalamu?"

Nikakiri. Watu hunikumbusha jambo hilo wanapotaka kuandikiwa risala ya harusi au tanzia.

"Basi tuandikie historia ya yule kijana wenu wa mpira wa rungu. Amerudi Kenya. Anakuja kutufungulia uwanja, na tunataka usome maisha yake mbele ya wageni. Si mlikuwa majirani?"

Kijana wetu! Kijana mwenyewe ana umri sawa na wangu na mvi zaidi yangu. Lakini majirani tulikuwa. Kati ya boma lao na la shosho yangu, yaani bibi yangu, palikuwa na ua wa kayaba wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, na katika ua huo palikuwa na tundu lililotosha mtoto mmoja aliyeinama. Hapa nitamwita Jirani, maana ndivyo shosho alivyomwita, na kwa boma letu jina alilotoa shosho ndilo lililokuwa jina.

Nilikubali haraka kuliko inavyomfaa mtu wa heshima. Na nikuambie sababu mapema, usije ukadhani nilikuwa na moyo mzuri: nilitaka kutajwa. Jirani amecheza besiboli ya kulipwa huko Marekani kwa sehemu kubwa ya utu uzima wake. Nimemsikia akihojiwa, nimesoma aliyoandikiwa, na hajawahi kusema ni nani aliyemfunza kudaka. Mimi namjua aliyemfunza. Ni mimi. Nilitaka aseme hivyo Kiganjo, kwa kipaza sauti, mbele ya watu walioniona nikikua na ambao mpaka leo huniuliza nitapata kazi lini.

Ukifika Kiganjo siku hizi utaona nyumba za kupanga zimeegemeana kama watu kwenye foleni, nguo zimeanikwa kila roshani, na bodaboda zinapita pale ambapo zamani hata mbuzi alipita kwa shida. Wakati wetu ploti zilikuwa pana. Kila boma lilikuwa na mahindi, ng'ombe mmoja mwenye hasira, na miti ya avokado. Sisemi hizi avokado ndogo zenye ngozi ya mamba ambazo sasa kila mtu anapanda ili zipelekwe ng'ambo. Nasema zile za kienyeji, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, zenye ngozi laini ya kijani, moja inatosha sufuria nzima ya githeri. Asubuhi za mwezi wa saba ukungu ulilala juu ya mahindi mpaka king'ora cha kiwanda kilipolia kuwaita watu wa zamu, na moshi wa kuni mbichi uliingia kwenye sweta ya shule ukakaa humo mpaka muhula uishe.

Baba yake Jirani alikuwa mmoja wa walioitwa na king'ora hicho. Walikuwa wametoka magharibi, yeye na mwanawe tu. Mama alibaki nyumbani kuangalia shamba. Baba akishaenda zamu, Jirani alipita kwenye tundu la ua, akajipangusa vumbi, akamwamkia shosho kwa Kikuyu cha kujifunza ambacho kilimfanya shosho acheke mpaka ashike kiuno. Tangu hapo mpaka jioni alikuwa mtoto wa kwetu. Au ndivyo nilivyodhani.

Shosho aliuza avokado sokoni Thika. Hakuwa mtu wa kukwea miti. Alisema miti ina wenyewe, ndege na wajinga. Alikuwa na mwanzi mrefu wenye ndoano ya waya kwenye ncha. Alisimama chini, akatia ndoano kwenye kikonyo, akazungusha mkono kidogo, na avokado ikaachia. Kazi yetu watoto ilikuwa kusimama chini ya mti na kuzipokea. Kutandaza magunia alikataa. Magunia, alisema, ni ya kubebea mzigo, si ya kulaliwa na matunda kama wagonjwa.

Avokado haiivi mtini, unajua. Inachumwa ikiwa ngumu, na ikigonga ardhi haionyeshi kitu. Inakuangalia tu, safi, ya kijani, kama mtu aliyetukanwa akanyamaza. Inapokuja kulainika ndipo mnunuzi anaikata na kukuta doa jeusi. "Pigo la leo linaonekana juma lijalo," alisema shosho, na kwa sababu hiyo hakutaka hata moja iguse chini.

Kudaka kwenyewe alikufunza kwa maneno mawili: pokea mgeni. Mgeni hapokewi kwa kofi. Ukikakamaza mikono, avokado inaumia mikononi mwako kama ambavyo ingeumia chini. Unaifuata kidogo, unarudi nayo, unaiweka kifuani. Tena haiji moja kwa moja. Inagonga tawi, inabadili nia, inakujia upande ambao hukuutarajia, na majani yanakuangukia machoni wakati huo huo. Mtu aliyesimama chini ya mti wa shosho yangu alijifunza kutoamini njia ya kitu chochote kinachoshuka.

Sasa kulikuwa na sheria. Avokado iliyoanguka haikupelekwa sokoni. Ilikuwa ya aliyeiangusha, wala hakuruhusiwa kumgawia mtu. Hasara haigawanywi, alisema shosho. Ulikwenda nayo jikoni, ukaizika kwenye debe la mahindi makavu ili iive, na siku ikiiva ukaila peke yako, doa jeusi na yote, upate funzo.

Shosho aliamini hiyo ni adhabu. Rafiki yangu, nilikuwa mtoto aliyeadhibiwa sana. Niliikata avokado yangu juu ya githeri ya moto, nikaiponda kwa mgongo wa kijiko mpaka mahindi na maharagwe yakavaa kijani, nikanyunyiza chumvi, na doa jeusi nikalirushia kuku. Wengine walikula githeri kavu. Jirani alikaa kando yangu kwenye benchi la jikoni, sahani magotini, akitafuna polepole. Yeye hakuwahi kuangusha. Nimejaribu kukumbuka hata moja, sikumbuki.

"Jirani, wewe una mikono," shosho alimwambia.

"Na mimi, shosho?"

"Wewe una tumbo."

Ndipo wivu wangu ulipoanza, pale pale, mdomo umejaa avokado. Alikuwa shosho yangu. Mti ulikuwa wetu. Ilikuwaje sifa ipitie kwenye tundu la ua?

Nilijifariji kwa kati. Kama hukukulia upande wetu, kati ni mchezo ambao wawili wanasimama huku na huku, wa tatu anasimama katikati, nao wanamrushia mpira kwa nguvu zao zote ili wamguse. Yeye anakwepa. Mpira wenyewe tuliusokota kwa karatasi za plastiki tukaufunga kwa kamba ya katani, na ukikugonga mgongoni ulijua umegongwa. Nilikuwa bingwa wa kati wa Kiganjo nzima. Nasema hivyo mwenyewe, na nafurahi kwamba waliokuwa wakipinga wamehama. Niliweza kupinda kiuno, kuruka, kulala chini na kuinuka kabla mpira haujafika upande wa pili.

Kati ilihesabiwa kuwa mchezo wa wasichana. Mimi ndiye niliyemwingiza Jirani, wavulana wakiwa juu ya ukuta wa kanisa wanamwimbia kwamba kesho atavaa rinda. Aliingia, akasimama katikati, nikamrushia, naye badala ya kukwepa akaudaka. Kwa sheria zetu ukiguswa na mpira umetoka, hata ukiushika vizuri namna gani. Akatoka. Akarudi zamu yake ilipofika. Akadaka tena.

"Kwepa!" nilimfokea. "Kwani mikono yako ina gundi?"

"Si umenirushia?"

"Nimekurushia ndiyo ukwepe!"

"Sasa kitu ikirushwa inaachwa tu ianguke?"

Nilimwona mjinga kabisa. Lakini nilikuwa na moyo wa kufundisha, kasoro ambayo baadaye ilinipeleka chuo kikuu, kwa hiyo nilimrushia kwa nguvu zaidi, karibu zaidi, kwa hila zaidi, ili ajifunze kukwepa. Naye akadaka kwa kulia, akadaka kwa kushoto, akadaka akiwa amepiga magoti. Sasa niambie wewe, kama huyo hakufunzwa na mimi, alifunzwa na nani?

Tulikuwa darasa la saba alipokuja mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, mtu mrefu aliyeungua pua, na gunia la glavu za ngozi. Alitaka kuwafunza watoto besiboli. Shule ikampa wavulana. Wasichana tulipelekwa upande wa pili kucheza netiboli kama kawaida, na hakuna aliyeona ajabu yoyote, mimi mwenyewe nikiwemo, ingawa macho yangu yalibaki kwenye zile glavu.

Nikueleze mchezo wenyewe kwa ufupi, kama nilivyowaeleza wageni siku ile. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu, kisha aliyeupiga anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla wapinzani hawajaupata na kuurudisha. Kati ya kituo cha pili na cha tatu anasimama mtu mmoja ambaye hana kituo chake. Huko wanamwita shotistopu. Anasimama hapo kwa sababu hapo ndipo mpira mwingi unapopita kwa hasira, ukiruka chini kwa chini. Kazi yake ni kuhakikisha haupiti.

Uwanja wa shule yetu ulikuwa na mawe kuliko nyasi. Yule mwalimu akapiga mipira ya kwenda chini, na wavulana, waliozoea soka, wakaizuia kwa miguu au wakairukia pembeni kuokoa meno. Ikafika zamu ya Jirani. Mpira ukaja, ukagonga jiwe, ukabadili nia, ukamwendea usoni. Akaufuata kidogo, akarudi nao, akauweka kifuani kwa mikono miwili, taratibu, kama kitu kinachoweza kuumia. Wavulana wakacheka sana. Mwalimu akavua kofia yake.

"Nani amemfunza huyu?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama.

Nikainua mkono kutoka uwanja wa netiboli. Mwalimu wetu wa kike akaniambia niushushe, sikuwa nimeulizwa.

Mengine unaweza kuyakisia. Aliendelea kufundishwa mpaka akamaliza sekondari, akapata nafasi katika chuo kimoja cha Marekani, akaondoka na koti la baba yake ambalo mikono yake ilimfika kwenye vidole. Baada ya chuo timu ndogo ikamchukua, kisha nyingine, kisha nyingine. Usidhani alikuwa tajiri wa kwenye televisheni. Alicheza katika ligi za chini, miji midogo yenye mahindi mengi kuliko watu, akisafiri kwa basi kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Kupiga kwa rungu hakukuwa riziki yake. Makocha walilalamika juu ya hilo kila mahali alipokwenda. Lakini wote walisema jambo moja, kwamba mikono yake ni laini kuliko ya mchezaji yeyote waliyewahi kumfunza. Akapanda mpaka ngazi ya mwisho kabla ya ile ligi kubwa, akaugusa mlango wake, na kabla haujafunguliwa goti likakatika. Akarudi akacheza na goti bovu misimu kadhaa zaidi. Kisha akafundisha watoto. Kisha akarudi nyumbani.

Kiganjo haikujua la kufanya na habari hizi. "Yule wa rungu bado anacheza? Na huo umri?" walimuuliza baba yake, kwa sauti ile ya kuulizia mgonjwa. Mimi nilijua la kufanya: niliona wivu. Nilimfuatilia kwenye simu kuliko mama yake alivyomfuatilia. Siku moja nilikuwa kwenye kioski nikingoja maziwa, nikamwonyesha mama wa kioski picha za Jirani akijitupa na kudaka mpira uliokuwa umeruka vibaya, watu wa jukwaani wakisimama wote.

"Huyu nilimfunza mimi," nilimwambia. "Nilimfunza kwa mchezo wa kati."

Akatazama simu, akanitazama. "Lakini huyu hajakwepa kitu."

Nikachukua maziwa yangu nikaenda.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, nikiandika makala za magazetini ambazo watu husema wamezikata wakaziweka mahali. Nina kitabu kimoja. Nilikikuta katika maktaba kikiwa safi kabisa, kurasa zake bado zimeshikana kama ndugu wanaopendana. Na siku nilipofuzu chuo, wa kwanza katika boma letu, shosho alikuja kwa kiti cha mbele cha gari la kanisa. Alilishika joho langu, akasema limeshonwa vizuri. Kisha akauliza, "Na Jirani, bado anadaka?" Hiyo sijaisamehe. Shosho alifariki Jirani akiwa huko huko kwenye mabasi, na hata katika siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama wanamlisha.

Kwa hiyo mwalimu mkuu aliponiomba niandike maisha ya mtu huyu, niliandika vizuri. Wivu una macho makali kuliko upendo, haukuacha kitu. Nilibakiza sentensi moja tu ya mwisho, nikampigia simu. Anaishi Membley sasa, ng'ambo ya barabara kuu, ndani ya lango lenye askari anayekuuliza unaenda kwa nani. Kutoka hapa ninapoanika nguo siwezi kuyaona mapaa ya huko, lakini naangalia upande huo.

"Niaje, mtu wa vitabu," alisema, kama aliyeondoka jana.

"Nataka kujua niandike nini hapa. Nani alikufunza kudaka?"

Akacheka. "Si unajua?"

"Nataka useme wewe."

"Wacha nitasema siku hiyo. Lakini wewe, bana, si unajua?"

Rafiki yangu, niliikata simu nikaenda kusuka nywele.

Siku ilipofika, uwanja ulikuwa umetolewa mawe, mistari imechorwa kwa chokaa, hema mbili zimepigwa. Watoto waliimba. Baba yake Jirani, mzee sana sasa, alikaa mbele amevaa kofia ya besiboli, akaivua kwa maombi, akairudisha haraka kana kwamba mtu angeichukua. Jirani alikaa kando yake, kiuno kimejaa, goti limenyooshwa mbele. Nilisimama nikasoma. Nilieleza besiboli, nikaeleza shotistopu, nikapitia timu zote na mabasi yote mpaka kwenye goti. Nikafika mwisho: "Na aliyemfunza kudaka ni..." Nikamgeukia na tabasamu nililokuwa nimelifanyia mazoezi kwenye kioo, nikampa kipaza sauti.

"Asante, madam," alisema. "Hapo umeacha shimo, na wewe unajua jibu."

Watu wakacheka. Nikanyoosha rinda langu.

"Aliyenifunza ni shosho yake."

Makofi yakapigwa. Kina mama waliomkumbuka shosho wakapiga vigelegele. Nilipiga makofi pia, mikono ikipiga na uso ukiwa mbali. Nimewahi kuwaonea wivu watu wengi, lakini ilikuwa mara ya kwanza kumwonea wivu marehemu, tena marehemu wangu.

Jirani hakuketi. Aliwaeleza watoto juu ya mwanzi na ndoano, juu ya matawi, juu ya mgeni asiyepokewa kwa kofi. Kisha akanielekezea kidole.

"Sasa huyu madam mnamwona na miwani, huyu alikuwa anaangusha."

"Haiya!" mtu mmoja akapaza sauti nyuma.

"Anaangusha kama mvua! Na kwa sheria ya shosho, ukiangusha, inakuwa yako, unakula peke yako. Hugawi. Mimi nilikuwa nakaa hapo kando yake kwa benchi na githeri yangu kavu. Anaponda, anaweka chumvi. Ile harufu! Nilikuwa namwonea wivu mpaka tumbo inauma. Mpaka leo."

Watu wakacheka tena, mimi nikiwa mmoja wao, maana ningefanya nini? Nilikuwa nimetajwa.

"Kila siku tukienda kwa mti," akaendelea, sauti imeshuka, "naambia roho yangu, leo angusha moja. Moja tu, nani atajua? Halafu inakuja, mikono inapokea yenyewe. Singeweza. Huyu akiangusha, ni mtoto ameangusha. Mimi nikiangusha, ni kijana wa jirani ameharibu mali ya watu. Nilikuwa naona kama lile tundu kwa ua litazibwa." Akamtazama baba yake, akatazama chini. "Huko wakiniuliza hii mikono imetoka wapi, nilikuwa nasema ni Mungu. Ilikuwa rahisi kueleza."

Mzee alishika ncha ya kofia yake, akaivuta chini.

Nilikaa nikiangalia viatu vyangu. Miaka yote hiyo tulikuwa tumekaa kwenye benchi moja, bega kwa bega, kila mmoja akimtamani mwenzake sahani yake. Mimi nilitaka kuambiwa nina mikono. Yeye alitaka ruhusa ya kuangusha.

Alikuwa amekuja na kreti la avokado za kienyeji, ngumu, sijui alizitafuta masoko mangapi. Akawapanga watoto mstari, akawaeleza sheria, akaanza kuwarushia. Watoto wa Kiganjo si wajinga. Walipoisikia sheria, mikono yote ikalegea ghafla. Avokado zilianguka kulia na kushoto, na kila mmoja akaikimbilia yake akiificha ndani ya sweta, mwalimu mkuu akipiga kelele kwamba huo si mchezo. Jirani alicheka akafuta macho.

Nami, usiniulize kwa nini, nikainuka, nikachukua moja kwenye kreti.

"Jirani!" niliita.

Nikamrushia kwa nguvu, kwa mkono ule ule wa kati, moja kwa moja kifuani. Alikuwa na nafasi ya kutosha. Niliiona mikono yake ikipanda yenyewe, ikifungua njia, ikianza kurudi nyuma kumpokea mgeni. Kisha ikasita. Akaitenganisha, polepole, kama mtu anayefungua mlango mzito, na avokado ikamgonga kwenye koti na kuanguka kwenye mstari wa chokaa.

"Ala!" alisema baba yake.

Jirani akainama, goti likalia, akaiokota. Akaipangusa vumbi kwa mkono wa koti lake, akaitia humo ndani.

"Hii ni yangu," akasema.

Alikuja Kimbo ilipoiva. Nilikuwa nimepika githeri tangu asubuhi. Tulikaa kwenye kibenchi changu cha jikoni, maana viti vya sebuleni vina vitabu, tukazungumza juu ya vitu ambavyo havipo. Mti wa shosho ulikatwa; mahali pake pana ngazi za nyumba ya kupanga. Mwanzi sijui ulikwenda wapi. King'ora kilinyamaza, watu sasa wanaamshwa na simu zao, kila mmoja peke yake. Karatasi za plastiki tulizosokotea mipira zilipigwa marufuku, na ni sawa, lakini sijui watoto wanasokota nini. Ua wa kayaba uling'olewa ukajengwa ukuta wa mawe wenye vipande vya chupa juu. Nimepita kuutazama. Ni ukuta mzuri, hauna tundu popote. Na hakuna aliyebaki duniani wa kuniambia nina tumbo.

Akaikata avokado yake juu ya githeri. Doa lilikuwepo, kubwa, upande ule ilipoangukia, jeusi kama shosho alivyoahidi. Hakulitoa. Akaponda kwa mgongo wa kijiko mpaka yote ikawa kijani, akaomba chumvi, nikampa. Akala akiwa amefumba macho.

"Nipatie kidogo," nilisema.

Akatikisa kichwa. "Hasara haigawanywi," akasema, mdomo umejaa, akanigeuzia bega.

Basi nikakaa na githeri yangu kavu, sahani magotini, nikitafuna polepole. Harufu ile, rafiki yangu! Sikuwahi kujua ina nguvu kiasi hicho ukiwa umekaa upande huu wa benchi.